Kuusoma Udongo wa Kiwanda Kilichoachwa

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika kiwanda kilichoachwa, macho humkimbilia kwenye mapipa. Yamepangwa ukutani, yameliwa na kutu, maandishi yamefutika, na moja linavuja kitu cheusi kama lami. Papo hapo anahitimisha kwamba hatari ndiyo hii, yaondolewe haya na kazi imekwisha. Kumbe mapipa ndiyo sehemu nyepesi. Pipa linaonekana, linahesabika, linabebeka. Mara nyingi kibaya zaidi kiko hatua mia moja mbele, nyuma ya karakana, kwenye uwanja mtupu ulioota majani mabichi, mahali ambapo kwa miaka 30 mtu mmoja alikuwa akimwaga ndoo ya maji ya kuoshea vyuma kila jioni kabla ya kwenda nyumbani.

Ndiyo maana swali ambalo watu huuliza kwanza, “Je, hapa kuna sumu?”, halisaidii sana. Penye kiwanda cha zamani jibu lake karibu kila mara ni ndiyo. Maswali yenye kazi ni mengine: ni sumu gani, iko wapi, inapita njia ipi, na inamfikia nani? Wataalamu huyafunga maswali hayo katika mnyororo wa pete tatu: chanzo, njia na mpokeaji. Pete moja ikikosekana, sumu ipo lakini hakuna anayedhurika kwa sasa. Zote tatu zikiungana, kuna mtu anaumia, hata kama hajui.

Katika mazungumzo ya kila siku neno “hatari” hubeba mambo mawili kwa pamoja, na hapo ndipo mijadala mingi huvurugika. Kuna kihatarishi, yaani kitu chenye uwezo wa kudhuru, na kuna uwezekano wa mtu kudhurika nacho. Madini ya risasi yaliyofunikwa na sakafu nzima ya zege ni kihatarishi. Kiasi kilekile cha risasi kikiwa vumbi juu ya uwanja ambapo watoto wanacheza gololi ni janga linaloendelea. Maabara inaweza kutoa namba ileile kwa sehemu hizo mbili. Kinachozitofautisha ni njia ya kumfikia binadamu, na njia hiyo maabara haiwezi kuipima. Lazima mtu aende akaitafute.

Kazi inaanzia kwenye karatasi na vinywa vya watu

Sampuli hujibu swali lililoulizwa tu. Ukipeleka udongo maabara ukaomba upimwe mafuta, utaambiwa habari za mafuta. Sumu ya aseniki iliyomo itakaa kimya. Kwa hiyo kabla ya mtu kushika koleo, lazima ajue kiwanda kilikuwa kinatengeneza nini, kwa malighafi gani, katika miaka ipi, na mabaki yalikuwa yanakwenda wapi.

Kila aina ya kazi huacha alama yake. Penye kiwanda cha ngozi hutafutwa kromiamu. Penye kiwanda cha betri hutafutwa risasi na tindikali. Mbao zilizokuwa zikitiwa dawa ya kuzuia mchwa huacha aseniki, shaba na kreosoti, mafuta meusi kama lami. Karakana za vyuma na sehemu za kufulia nguo kwa kemikali huacha viyeyusho vyenye klorini, kama trikloroethilini, iliyopendwa sana kwa sababu inaondoa grisi kwa haraka na haishiki moto kwa urahisi. Palipokuwa na transfoma za zamani kuna wasiwasi wa PCB, mafuta yasiyooza kwa urahisi ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliyaweka katika orodha ya kemikali za kutokomezwa.

Kiwanda kimoja pia huweza kuwa na maisha matatu. Jengo lililofungwa kama ghala la magunia lilikuwa kiwanda cha rangi miaka 20 kabla yake, na kabla ya hapo karakana ya magari yenye matangi ya mafuta chini ya ardhi. Anayechunguza hutafuta ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani, vibali vya ujenzi, ankara za manunuzi, kumbukumbu za zimamoto. Picha mbili za angani zilizopishana miaka kumi zinaweza kuonyesha bwawa lililokuwepo na baadaye likafukiwa. Bwawa lililofukiwa penye kiwanda si jambo la kupita bila kuuliza.

Halafu kuna watu. Naamini hakuna chombo kinachoushinda mdomo wa mfanyakazi wa zamani, na inasikitisha kuona ripoti nyingi zikimpa mistari miwili tu. Meneja atakwambia taka zilipaswa kwenda wapi. Mlinzi wa usiku atakwambia zilikwenda wapi. Fundi wa mabomba anakumbuka mtaro uliozibwa kwa sababu ulikuwa ukitoa harufu. Mama aliyekuwa akilima jirani na ukuta anakumbuka mwaka ambao mboga zake zilianza kukauka upande mmoja tu. Mambo haya hayakuandikwa popote, na watu hawa wanazeeka.

Kuingia ndani

Ziara ya kwanza haihitaji mashine nyingi. Inahitaji macho, daftari, na nidhamu ya kutogusa. Katika saa za mwanzo majengo yenyewe yanaweza kuua kabla ya kemikali kupata nafasi: sakafu ya mbao iliyooza, paa linaloning'inia, shimo lililofunikwa na majani.

Matangi na mashimo ya chini ndiyo yenye hila kubwa kuliko yote. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Kanuni za usalama kazini za Marekani huhesabu hewa kuwa haifai ikishuka chini ya asilimia 19.5. Ndani ya tangi la chuma lililofungwa, kutu yenyewe inakula oksijeni. Mtu anaingia akiona tangi ni tupu, anaanguka bila kutoa sauti, mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka palepale. Kwenye mashimo ya majitaka kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, na ubaya wake ni kwamba ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa. Harufu ikitoweka ghafla, mtu anadhani hewa imesafika. Pua si kipimo. Tangi haliingiliwi bila kupimwa hewa yake kwanza, na bila mtu wa nje mwenye kamba na ujuzi wa kuitumia.

Mabati ya asbesto nayo huleta ubishi. Yakiwa mazima, nyuzi zake zimeshikwa na saruji na hazirukiruki. Yakivunjwa, yakikatwa kwa msumeno au yakisuguliwa, nyuzi huingia hewani, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na ugonjwa unaweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Kwa hiyo paa lililotulia kwa nusu karne linageuka kuwa tishio siku ile wabomoaji wanapofika. Anayetathmini lazima afikirie kiwanda kilivyo leo, na kitakavyokuwa kitakapoguswa.

Na kitaguswa. Mahali palipoachwa hapakai bila watu: wapo waokotao vyuma chakavu, watoto, wasio na makazi, wachungaji. Septemba 1987 katika mji wa Goiânia, Brazili, watu wawili waliingia katika kliniki ya matibabu ya mionzi iliyokuwa imehamwa, wakachukua sehemu ya mashine iliyobaki humo, wakaiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na sesiamu-137, unga uliokuwa ukitoa mwanga wa buluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita, na watu zaidi ya 240 walikutwa na uchafuzi. Hakukuwa na mlipuko wala uvujaji. Chanzo kilikuwa kimefungwa vizuri ndani ya chuma. Binadamu ndiye aliyeifungua njia. Vifaa vyenye chanzo cha mionzi vilivyotumika viwandani kukagua unene wa karatasi au ujazo wa matangi bado hupatikana katika majengo ya namna hii, na ndiyo sababu alama ya mionzi hutafutwa tangu siku ya kwanza.

Chini ya ardhi

Hapa ndipo tathmini inapokuwa ngumu kwelikweli, kwa kuwa chini hakuna anayeona, na kila kemikali ina tabia yake.

Mafuta ya dizeli na petroli ni mepesi kuliko maji. Yakivuja hushuka kwenye udongo hadi yakute maji ya ardhini, kisha huelea juu yake na kutambaa kuelekea maji yanakotiririka. Hayo ni afadhali, maana unajua pa kuyatafuta. Trikloroethilini na ndugu zake ni nzito kuliko maji. Huzama, hupita katikati ya maji, huendelea kushuka hadi zikutane na tabaka la mfinyanzi au mwamba, kisha hufuata mteremko wa tabaka hilo, ambao unaweza kwenda kinyume kabisa na mwelekeo wa maji. Mtu akichimba kisima cha uchunguzi kifupi, akachota maji ya juu, atapata maji safi na kuandika ripoti safi, huku dimbwi la sumu limetulia mita kumi chini ya ncha ya bomba lake.

Na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Kikomo cha trikloroethilini katika maji ya kunywa nchini Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Lita moja ya kiyeyusho hicho ina uzito wa karibu kilo 1.46. Ukipiga hesabu, lita hiyo moja inatosha kufikisha karibu lita milioni 300 za maji kwenye kikomo hicho. Ndoo ya kila jioni kwa miaka 30, basi, si jambo dogo.

Ili kujua maji ya ardhini yanaelekea wapi, visima viwili havitoshi. Viwili vitakuonyesha kimoja kiko juu kuliko kingine, basi. Angalau vitatu vinahitajika, vikiwa katika umbo la pembetatu, ili kina cha maji katika kila kimoja kipimwe na mteremko wake uchorwe. Hata hivyo mteremko unaweza kubadilika. Mvua za masika huinua maji, pampu ya jirani huyavuta upande wake, na kiangazi huyashusha. Kipimo cha siku moja ni picha ya siku moja. Ni vyema kurudi msimu mwingine.

Kuchimba nako kunaweza kuleta madhara. Tabaka la mfinyanzi lililokuwa limezuia sumu isishuke likitobolewa na mashine, na tundu lisizibwe ipasavyo, mchunguzi mwenyewe ametengeneza njia iliyokuwa haipo. Ndiyo maana fundi mzuri wa kuchimba huenda polepole, tabaka kwa tabaka, na huziba anachokiacha nyuma.

Njia nyingine husahaulika kwa sababu inapanda badala ya kushuka. Viyeyusho na petroli hugeuka mvuke, na mvuke hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, ukaingia katika nyufa za sakafu na matundu ya mabomba, ukakusanyika ndani ya vyumba. Familia inaweza kuwa inakunywa maji ya bomba kutoka mbali, haijawahi kukanyaga eneo la kiwanda, na bado ikavuta kemikali zake usiku kucha. Kwa hiyo penye viyeyusho, hewa iliyo chini ya sakafu za nyumba za jirani hupimwa pia.

Sampuli na mitego yake

Wingi wa sampuli haumaanishi ukweli mwingi. Ulipochota, na kina ulichofikia, ndivyo vinavyoamua. Kwa usalama wa mtoto anayecheza, kinachohitajika ni udongo wa juu kabisa, sentimita chache za kwanza, maana huo ndio unaoshika vidole na kuingia kinywani. Kwa mjenzi atakayechimba msingi, ni mita mbili au tatu chini. Sampuli ya kina cha sentimita 50 inaweza isimsaidie yeyote kati yao.

Kuna desturi ya kuchanganya udongo wa sehemu kadhaa ili kuokoa gharama. Ina mahali pake, lakini tazama hesabu hii. Chukua sehemu kumi. Tisa zina risasi miligramu 20 kwa kilo, na moja ina 3,000. Zichanganye, na maabara itakuletea 318. Mahali pabaya pametoweka ndani ya wastani, na hakuna aliyesema uongo.

Jina la kipimo nalo lina uzito. “Kromiamu jumla” haitoshi, kwa sababu kromiamu huwa na sura tofauti za kikemia: ile ya hali ya tatu, inayotumika kusindika ngozi, ina madhara madogo ukiilinganisha na ile ya hali ya sita, ya karakana za kupaka vyuma kromu, ambayo husababisha saratani ya mapafu ikivutwa. Ripoti isiyotenganisha hizo mbili imeacha swali kuu bila jibu. Na mahali palipoandikwa “haikugunduliwa”, msomaji aangalie kwanza mashine ina uwezo wa kuona kuanzia kiasi gani. Ikiwa kikomo cha usalama ni mikrogramu 5 na mashine inaanza kuona kwenye 20, basi neno hilo halina maana yoyote.

Mambo mengine yanaonekana ya kikarani lakini ndiyo yanayoibeba ripoti mahakamani: chupa safi zilizosafiri na sampuli ili kuonyesha kwamba uchafuzi haukutoka njiani, sampuli pacha zilizopelekwa bila maabara kujua, saini za kila aliyeshika sanduku. Tena sampuli kadhaa zichukuliwe mbali na kiwanda, kwenye udongo wa aina ileile. Aseniki ipo kiasili katika miamba mingi. Bila kulinganisha, kiwanda kitalaumiwa kwa kosa la mlima, au kitajificha nyuma ya mlima.

Namba ikirudi

Watu husubiri matokeo ya maabara kama hukumu. Si hukumu. Ni namba, na inasubiri kufasiriwa kulingana na nani anatumia ardhi hiyo na kwa namna gani. Kiasi kinachovumilika chini ya maegesho ya malori hakivumiliki chini ya shule ya chekechea.

Vikomo vyenyewe husogea kadiri elimu inavyoongezeka. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha aseniki katika maji ya kunywa kutoka mikrogramu 50 hadi 10 kwa lita. Marekani ilitumia kwa miaka mingi miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kama kiwango cha kuanza kutilia shaka maeneo ya makazi, na mwaka 2024 ikakishusha hadi 200. Ile 318 yetu ya juu ingepita mwaka 2023 na ingeanguka mwaka uliofuata, udongo ukiwa uleule. Kwa risasi hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaingia kwenye ubongo unaokua na kuuharibu bila dalili za kumshtua mzazi. Kwa hiyo ripoti inayosema tu “iko chini ya kikomo” na kuishia hapo haimtendei haki anayeishi pale.

Wakati mwingine mwili wa binadamu ndio unaotoa sampuli ya kwanza. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, nyumba zilipakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, alipewa kazi ya kusimamia tathmini ya mazingira, akaona kiwanda hakifai kuwa pale. Baadaye mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Lakini risasi haiozi. Haivunjikivunjiki ikawa kitu kingine, haipepei ikaisha. Kule Kabwe, Zambia, mgodi na tanuru la risasi vilifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya moshi kukoma bado wanakutwa na risasi katika damu, kwa sababu vumbi lilelile lingali linapeperuka. Ukishajua chanzo kilipo na watoto wanacheza wapi, kupima damu yao ni sehemu ya tathmini. Isisubiri ripoti ikamilike.

Juu ya nini kifanyike baadaye, orodha si ndefu: kuondoa udongo, kuufunika, kuutibu palepale, kuvuta maji na kuyasafisha, au kuweka uzio na kuzuia matumizi fulani ya ardhi. Kila njia inakata pete mojawapo ya ule mnyororo. Kuondoa chanzo ni bora, na ni ghali. Eneo la kiwanda cha Bhopal, India, lililoachwa baada ya maafa ya gesi ya sumu ya Desemba 1984, lilibaki na taka zake kwa miaka 40. Tani zaidi ya 330 ziliondolewa Januari 2025, na udongo na maji ya ardhini vilivyochafuka bado viko palepale. Uzio ni rahisi kuliko vyote, lakini hudumu kadiri tu mtu anavyoutunza na kukumbuka uliwekwa kwa nini.

Huko Niagara Falls, Marekani, mfereji uliokuwa haujakamilika, maarufu kwa jina la Love Canal, ulitumika kuzika zaidi ya tani 20,000 za taka za kemikali kati ya mwaka 1942 na 1953. Kisha ukafukiwa, na ardhi ikauzwa kwa bodi ya shule kwa dola moja. Hati ya mauzo ilitaja kwamba chini kulikuwa na kemikali. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata, na wengi wa waliozinunua hawakuwahi kuambiwa kilichokuwa chini. Miaka 25 baada ya mauzo, mvua ilipojaza mfereji na kemikali kuibuka katika vyumba vya chini ya nyumba, Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na familia zikaanza kuhamishwa, zile zenye wajawazito na watoto wadogo zikitangulia.